Kabla hujalaumu laptopu, angalia faili lako linaishia na herufi gani

Juzi mdogo wangu mmoja yuko chuo kanitumia meseji: "Shikamoo kaka, nimedaunlodi modeli ya kava la beringi, kwenye FreeCAD inafunguka vizuri tu ila nikitaka kupanua tundu haikubali kabisa, laptopu yangu ndogo au?" FreeCAD ni programu ya kuchorea vitu vya 3D kwenye kompyuta. Meseji za hivi napata nyingi mno, na kila mara namuuliza mtu kwanza, faili linaishia na nini?

Kama ni .stl, laptopu haina kosa. STL imetoka 1987 kwa ajili ya mashine za kuprinti 3D na ndani yake kuna pembetatu tu zimeungwa zikatengeneza ganda, hakuna tundu wala silinda humo. Lile unaloliona la mviringo ni vibapa vidogo vimezungushwa, sasa utaiambiaje programu ongeza kipenyo wakati yenyewe haijui kama kuna kipenyo? STEP (.step au .stp) ni habari nyingine, ni kiwango cha ISO 10303, inabeba umbo lenyewe, silinda ni silinda. Kwa hiyo ombeni STEP jamani! Mrudie aliyekupa faili umuulize, wengi wanayo, hawakutumii kwa sababu hujaomba.

Hili naliongea kwa uchungu. Kuna mteja aliniletea STL ya bodi la pampu ya maji, imeskaniwa, nikamwambia mapema kabisa kwamba hii inachorwa upya, akasema sawa, nikakesha nayo, nikapima na venia (kile kipimo cha kubania) kuanzia flenji, ule ukingo wa kufungia, mpaka matundu ya bolti, siku ya malipo ananiambia "si nilikupa faili, wewe umefungua tu". Akanilipa nusu. Mpaka leo inaniuma. Toka hapo aina ya faili inaandikwa kwenye makubaliano kabla sijagusa mausi, na kuchora upya kuna bei yake. Na wewe andika, usimwonee mtu aibu.

Ila wiki hii nimefurahi sana. Kazi ilikuwa kava la beringi 6204 la mashine ya kukoboa, STL tena, STEP hakuna. Nimeimpoti, kitu kimekuja kidogo kama punje. Nikapima tundu, inasoma 1.85. Sasa 6204 kila fundi anaijua, ndani milimita 20, nje 47, unene 14, na tundu la kava ndio linakaa ile 47 ya nje, na ukichukua 47 ukagawa kwa 25.4 unapata hiyohiyo 1.85, maana yake aliyechora alikuwa kwenye inchi. STL haibebi yuniti, inabeba namba tupu, programu ikazisoma kama milimita. Nikazidisha skeli kwa 25.4 kila kitu kikakaa. Kuna watu hapo wanavuta kona kwa mausi mpaka "ionekane sawa", tafadhali acheni, tafuta kitu kimoja unachokijua saizi yake ndio upime.

Kuhusu kubadilisha meshi (lile ganda la pembetatu) iwe solidi (umbo lililojaa ndani), FreeCAD inayo, nenda Part, Create shape from mesh, halafu Convert to solid, halafu Refine shape. Kwa kipande cha bapa bapa inafaa. Kitu cha mviringo chenye pembetatu maelfu itakugandia, na hata ikimaliza unabaki na vibapa vilevile. Mimi meshi naiacha nyuma kama kivuli nachora skechi mpya (mchoro bapa wa mistari na vipimo) juu yake. Na ukipima tundu la meshi pima kona kwa kona, usipime bapa kwa bapa, kwa sababu kona ndio kawaida zinakaa kwenye duara lenyewe, bapa linaingia ndani kidogo na beringi haitapita.

Vijana tunapenda vya kudaunlodi, nawaelewa, lakini kujifunza kuchora skechi yenye vipimo ndio kutakulisha. Kava langu nilimpa fundi wa kukereza STEP pamoja na mchoro wa PDF wenye vipimo vyote, na tundu la beringi nimeliandikia tolaransi pembeni, yaani kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua kiasi gani. Beringi imeingia bila nyundo.