Kubadilisha difu ya Altezza uani kwako, hapa hapa Tabora

Altezza ni gari la zamani sasa, tukubali. Toyota ilianza kuliuza mwaka 1998 ikasitisha 2005, kwa hiyo hata lile la mwisho kutoka kiwandani limeshavuka miaka ishirini. Gari la umri huo likianza kuvuma upande wa nyuma, kijiweni utapewa jibu kabla hujazima injini: "Hiyo difu, kaka." Yaani lile ganda la gia la nyuma linalogawia magurudumu nguvu ya injini. Wakati mwingine wanapatia. Langu lilikuwa difu kweli, na nililibadilishia mwenyewe uani kwangu Cheyo, shemeji yangu akinishikia taa na jeki. Tulianza baada ya chai ya asubuhi, jioni gari lilikuwa limerudi chini. Kilichokula muda ni yale ya kabla ya kulala chini ya gari, na huko ndiko pesa za watu wengi zinakopotelea. Nitakaa huko zaidi.

Anza na sauti. Mvumo wa difu ni wa kuendelea, kama nyuki walio ndani ya mzinga, na unasikika vizuri ukiwa kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa. Nenda kwenye lami tulivu (mimi hutumia barabara ya Nzega, asubuhi kabla ya malori), shika spidi moja, kisha kanyaga mafuta kidogo, halafu achia. Mvumo ukipanda unapokanyaga na kufifia unapoachia, au kinyume chake, tatizo linaelekea kwenye krauni (gia kubwa ya ndani ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) au beringi za pinioni. Mvumo usipofuata mguu wako, ila unabadilika ukiyumbisha gari taratibu kushoto na kulia, hapo shuku beringi ya gurudumu. Hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine kabisa. Gari likitetemeka tumboni wakati wa kuondoka, kagua beringi ya katikati ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Na ule mgongano mmoja wa "ko!" unapotoa R kuweka D unaweza kutoka kwenye bushi za difu (mipira ya sehemu inapofungwa) zilizochanika, wakati difu yenyewe haina neno. Namjua mtu aliyenunua difu nzima akafunga, na "ko" ikabaki palepale.

Baada ya sauti, mafuta ya difu. Mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, aliyeshika spana za malori tangu enzi zake za ujana, ndiye niliyemwendea. Nilipoanza kueleza mvumo alinikatisha: "Mwanangu, sauti nimesikia. Niletee mafuta yake." Nikamletea kwenye kikopo. Akayasugua kati ya vidole juani, akanionyesha chembe za rangi ya fedha zinazometa. Uji mweusi wa chuma laini kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni wa kawaida kwa gari lililotembea. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yameingiwa maji. Yangu yalikuwa machache pia, kwa kuwa sili (mpira wa kuzuia mafuta) ya upande wa kushoto ilikuwa ikivuja muda mrefu kabla gari halijafika mikononi mwangu, na pinioni ikawa inazunguka karibu kavu.

Kuna wanaonyanyua gari kwenye stendi (miguu ya kuegemeza gari lililonyanyuliwa), wanawasha injini, wanaweka gia na kusikiliza difu kwa bisibisi ndefu sikioni huku magurudumu yanazunguka. Kwenye sakafu ya gereji nzuri, sawa. Kwenye uwanja wa mchanga, mimi sifanyi wala simshauri mtu.

Ukishajiridhisha kwamba ni difu, usipige simu Dar bado. Fungua boneti, tafuta kibati cha utambulisho, soma mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Alama ya kwanza ni ya giaboksi, ya pili ni ya ekseli, na hiyo ya pili ndiyo yako. Kwa Toyota, herufi ya mwanzo inaeleza ukubwa wa krauni, tarakimu mbili zinazofuata zinaeleza uwiano wa meno (pinioni inazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja), na alama ya mwisho inaeleza aina ya difu, kama ni ya kawaida au ni LSD, ile inayozuia gurudumu moja kuteleza na kuzunguka peke yake. Hili ni muhimu kwa Altezza kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kuna Altezza ya GXE10 yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita, na kuna SXE10 yenye 3S-GE ya silinda nne, za manyuo na za otomatiki. Kwa macho difu zake zinafanana. Uwiano wake si mmoja. Ukifunga yenye uwiano tofauti gari litatembea, ila injini itazunguka kwa kasi usiyoizoea, na kama spidomita inasoma kutoka kwenye giaboksi, itakudanganya kila siku.

Wenye Subaru mnisikilize hapa kwa masikio mawili. Gari lenu kwa kawaida linasukuma magurudumu yote manne, kwa hiyo uwiano wa difu ya nyuma lazima ulingane na wa mbele ulio ndani ya giaboksi. Ukikosea, mbele na nyuma vinashindana njia nzima, na kinachoungua ni giaboksi. Sisi wa Altezza tukikosea tunaaibika. Ninyi mkikosea mnafilisika.

Sasa piga simu. Difu zilizotumika kutoka Japani utazipata Ilala, mtaa wa Shaurimoyo, au Kariakoo, na tatizo la sisi wa mikoani ni kwamba tunanunua kwa picha. Usiridhike na picha. Kama una ndugu Dar, mtume, na mwambie afanye hivi: ashike flanji ya pinioni (sahani ya mbele inapofungwa propela) aitikise juu chini, isicheze hata kidogo. Aizungushe taratibu kwa mkono, asisikie mkwaruzo wala mahali pa kukwama. Azungushe mbele na nyuma kidogo, asikie nafasi ndogo tu kabla meno hayajashikana. Kiwandani nafasi hiyo kwenye krauni ni sehemu ya kumi ya milimita na ushee, kwa hiyo ikionekana kwa macho bila kutafuta, aiache. Afungue nati ya kujazia, aingize kidole, anuse. Mafuta yaliyoungua hayafichiki. Aangalie masikio ya kufungia kama yamepasuka au yamechomelewa.

Uwiano nao anaweza kuuhakiki palepale kwa chaki, ikiwa difu ni ya kawaida na si LSD. Aweke alama kwenye flanji ya pinioni, ashikilie upande mmoja wa kutokea shafti ya gurudumu usizunguke, kisha azungushe upande wa pili mizunguko miwili kamili huku mwenzake akihesabu pinioni. Pinioni ikizunguka mara nne na kidogo, uwiano ni wa kama 4.1. Ikizunguka tatu na robo tatu hivi, ni wa 3.7. Muuzaji atawatazama kwa mshangao. Msijali.

Kabla haijapandishwa basi, mafuta yamwagwe yote na nati zirudishwe zikazwe. Difu iliyovuja kwenye buti la basi juu ya magunia ya watu ni ugomvi utakaokusubiri stendi.

Basi, mzigo umefika. Sasa ardhi. Mchanga wetu wa Tabora ni mzuri kwa kulala chini, mbaya kwa jeki. Jeki ya chupa inazama, inaegemea, na gari linafuata. Mimi niliomba kwa seremala vipande vya mninga vinene, vipana kuliko sahani ya kulia ubwabwa, nikaviweka chini ya jeki na chini ya kila stendi. Stendi ziwe za chuma, ziwekwe kwenye sehemu za bodi zilizotengwa kwa kunyanyulia. Tofali la saruji lisikaribie shughuli hii. Linabeba, linabeba, halafu linapasuka bila kutoa dalili. Magurudumu ya mbele yazuiwe pande zote mbili. Ukimaliza, lisukume gari kwa nguvu kabla ya kuingia chini. Shemeji yangu alilisukuma, akalitazama, akasema, "Shem, ngoja nilisukume tena." Alikuwa na haki. Na yale magurudumu uliyoyafungua yaingize chini ya bodi, yalale hapo mpaka mwisho wa kazi.

Jambo la kwanza chini ya gari ni nati ya kujazia mafuta, ile ya juu. Ifungue kabla ya ile ya kumwagia. Ukishamwaga mafuta halafu ukakuta ya kujazia imeshika kutu na kuzunguka bila kutoka, umejifungia gari lako mwenyewe. Mafuta machafu yakinge kwenye dumu lililokatwa. Jirani yangu, mama mwenye banda la kuku, aliyaomba kabla hata hayajaisha kudondoka, apake nguzo zake zisiliwe na mchwa. Bora huko kuliko kuyamwaga karibu na kisima.

Eksozi ya nyuma ishuke kwanza ili upate nafasi. Raba zake zipake sabuni ya maji, zitateleza. Kisha weka alama ya rangi inayovuka flanji ya propela na flanji ya difu, ili propela irudi palepale ilipokuwa, la sivyo unaweza kukaribisha mtetemo ambao hukuwa nao. Ikishafunguka, ining'inize kwa waya wa kufungia nondo. Usiiache ianguke kwa uzito wake. Kama yako inaunganishwa kwa mpira wa mviringo badala ya krosi (kiungo cha chuma chenye umbo la msalaba), ukague kama una nyufa, na usiupinde. Shafti za magurudumu nazo, ziwe zimefungwa kwa nati au zimechomekwa na kushikwa na pete ya ndani, zikitoka zining'inizwe vilevile. Buti zake za mpira zikichanika, mchanga utaingia kwenye grisi na utakuwa umejitengenezea kazi ya mwezi ujao. Nyaya za sensa za ABS zisogeze pembeni kabla hazijavutwa.

Difu yenyewe ni nzito, inaweza kuvuka kilo 25, na umbo lake halishikiki. Iweke juu ya jeki yenye ubao mpana, ifunge kwa mkanda, ndipo ulegeze bolti za kuishikilia. Watu wawili. Mmoja wa jeki, mmoja wa kuielekeza. Hakuna haja ya maelezo mengi hapo, itashuka ikiwa imeinama pua na utaiona njia yake.

Ikiwa chini, ifute, na kabla ya kufunga mpya fanya kazi za bei ndogo. Sili mbili za pembeni badilisha, hata kama zinaonekana nzima, maana difu iliyokaa rafuni muda mrefu sili zake zimekauka. Sili ya pinioni, kama haivuji, iache. Nati ile ya pinioni ndiyo inayobana beringi zake kwa kipimo maalumu, na kwenye difu nyingi kuna kikola cha chuma ndani kinachobonyea mara moja tu. Ukiikaza kwa nguvu za mkono na bomba, difu nzima inaweza kuanza kuvuma ndani ya muda mfupi. Kwa sababu hiyohiyo, kufungua difu na kupanga krauni na pinioni si kazi ya uani. Badilisha difu nzima, au mpelekee fundi mwenye vipimo.

Halafu kipumulio. Ni kijibomba kidogo juu ya difu ambacho hakuna anayekikumbuka. Vumbi letu la kiangazi na tope la masika hukiziba, difu ikipata moto hewa inakosa pa kutokea, inasukuma mafuta kupitia sili. Cha difu yangu ya zamani kilikuwa kimeziba kabisa, kimegeuka udongo. Nadhani ule uvujaji wote ulianzia hapo.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa. Bolti zote zianzishwe kwa mkono kwanza, ndipo zikazwe, na vipimo vya kukazia vichukuliwe kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako, si cha Mark II ya rafiki yako. Nati za mafuta ziwekewe washa mpya.

Mafuta ni ya difu, daraja la GL-5, namba 80W-90 au 85W-90. Si ya injini, si ya giaboksi ya otomatiki. Kama una LSD ya sahani, tafuta yaliyoandikwa kuwa yanafaa LSD. Gari likiwa limelala sawa, jaza kwa pampu ndogo ya mkono au chupa yenye mpira mpaka yaanze kutiririka kwenye tundu la kujazia, kisha funga. Nunua kwa mtu anayejulikana, kwa sababu kopo zuri lenye mafuta mabovu ndani si hadithi.

Siku ya kwanza tembea taratibu, simama, shika ganda la difu kwa tahadhari. Joto la kawaida ni sawa. Likikuunguza baada ya safari fupi, kuna kitu kimebana au mafuta hayajatosha. Rudi kwenye ile lami ulikosikilizia mvumo, kwa spidi ileile, madirisha yamefungwa. Baada ya wiki ingia tena chini na spana, gusa kila bolti ya propela na ya shafti, na pangusa chini ya sili zote mbili kwa kitambaa cheupe.