Mdogo wako asikatae ajira ya Polisi

Dada, umeuliza kama mdogo wako akatae ajira ya Polisi ili akimbie mbio kwa kutegemea zawadi za pesa za medali. Nakusihi, asikatae. Zawadi huja baada ya ushindi. Singapore huahidi dola milioni 1 za kwao kwa dhahabu ya Olimpiki. Wa kwanza kuipata, 2016, ni mwogeleaji Joseph Schooling, na hata hapo sehemu yake ilibidi iende kwa chama cha kuogelea. Uingereza haitoi zawadi ya medali kabisa: fedha za bahati nasibu ya taifa huwalipa wanamichezo posho wakiwa bado mazoezini. Kwetu Kenya, posho hiyo ni mshahara wa Polisi, Magereza au Jeshi. Ndio utakaomlisha mwaka atakaoumia goti. Ila aulize mapema: ataruhusiwa kukaa kwenye kambi ya mazoezi kwa muda gani?