Nyumba ya Fuoni, Zanzibar, miezi saba haijapata mteja
Kakangu pole, ila usikimbilie kushusha bei. Sie tulipouza ya marehemu baba kule Mwanakwerekwe madalali walikuwa wanne na kila mmoja anataja bei yake, watu wakaona hapa pana jambo, tukabakisha mmoja tu ndo simu zikaanza kuingia. Umesema ya urithi, basi warithi wote wasaini mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, kabla hujaleta mtu, mteja akisikia kuna dada yuko Omani hajaridhia huyo harudi tena wallahi. Na lile doa la maji ulilolitaja kwenye dari ya sebule usilipake rangi tu, ziba bati kwanza, mvua za masika zitakuumbua mbele ya mteja.