Mashine ya pumzi ndani ya trela

SWALI: Pumzi hunikatika usingizini, natumia mashine. Tutalala siku 2 kwenye trela kando ya Ziwa Bunyonyi, hakuna umeme. Betri ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi), itatosha? – Msomaji, Mbarara

JIBU: Itatosha, mradi uzime hita ya maji iliyo ndani ya mashine, ile ya kulainisha hewa kwa unyevu. Bila hita, mashine nyingi hula wati 30 hivi au pungufu. Saa 8 za usingizi ni kama Ah 20, yaani 40 kwa siku 2. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu. Inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, iache nyumbani, hupoteza umeme bure. Mashine ya volti 24 itafutie kibadilishi chake cha kutoka 12. Bunyonyi kuna baridi, kwa hiyo maji hujikusanya kwenye bomba la hewa na kugugumia puani: weka mashine chini ya usawa wa kitanda, bomba ulipitishe ndani ya blanketi. Na tangi la maji la mashine limwage kabla ya safari. Maji yakifika kwenye mota, kwisha habari.