Kabla Hujamlipa Mpiga Chapa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, alinikuta Nyerere Square nimekaa na begi langu la vitabu. Akaniamkia, akatoa simu kunionyesha ujumbe. "Mama, kuna kampuni ya Dar imeukubali muswada wangu. Wanataka milioni mbili na nusu tu." Nikamwambia, mwanangu, hao wameikubali milioni mbili na nusu. Muswada nadhani hawajaufungua.

Tunachanganya sana mchapishaji na mpiga chapa. Mchapishaji anatoa fedha yake mfukoni: anahariri, anasanifu jalada, analipia kiwandani, anatunza ghalani, anauza, halafu anakupa mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala inayouzwa. Mpiga chapa unampa faili na fedha, anakupa maboksi. Wote wawili kazi yao ni halali. Wa kumwogopa ni yule mpiga chapa aliyejivika koti la mchapishaji. Gharama zote analipwa na wewe, kisha anakusainisha mkataba unaompa haki zako zote.

Mimi nimepita njia zote mbili. Riwaya yangu ya kwanza ilitoka kwa mchapishaji wa Dar es Salaam. Jibu la "tumeipenda" lilikuja baada ya miezi kumi na minne, na kitabu nilikishika mkononi karibu miaka miwili baadaye. Kuna jambo moja lakini nitalishukuru mpaka kesho. Mhariri wao alizifuta sura zangu mbili za kwanza, zote, akaandika pembeni kwa penseli: "Hadithi inaanza hapa, basi linapoharibika Gairo." Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikaona ni kweli. Mhariri wa namna hiyo kama ningemlipa mwenyewe, nisingemkubalia anikate kiasi kile.

Kilichonisumbua ni mkataba, kwa sababu niliusaini kwa furaha badala ya kuusoma. Uliandika mrabaha wa asilimia 10, nami nikapiga hesabu haraka: kitabu shilingi 10,000, changu 1,000. Kumbe ilikuwa asilimia 10 ya mapato halisi. Duka linachukua asilimia 35, mchapishaji anapokea 6,500, mimi 650. Tena haki walizichukua "kwa muda wote wa hakimiliki". Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, muda huo ni uhai wangu wote na miaka 50 baada ya kufa. Yaani mjukuu wangu ambaye hajazaliwa atazeeka akiwa bado anasubiri taarifa ya mauzo. Mimi mwenyewe taarifa hiyo nimeiona mara moja.

Kwa hiyo ukipelekewa mkataba, uulize mambo haya kabla ya kushika kalamu: mrabaha unakokotolewa kwa bei ya jalada au kwa mapato halisi, haki za filamu, tafsiri na nakala za kielektroniki zinabaki kwa nani, na kitabu kikiisha sokoni wasipokirudia, haki zinakurudia baada ya muda gani. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi. Ukisikia "mkataba wetu ni huu huu kwa waandishi wote," omba siku saba za kuusoma, kisha uone wanavyopokea.

Riwaya ya pili nikasema najichapishia. Nakala 500, na mpiga chapa akanitajia 4,200 kwa kila moja. Faili langu lilikuwa na kurasa 196. Akanipigia: "Dada, punguza kurasa nne." Karatasi kubwa ya mashine hukunjwa ikatoa kurasa kumi na sita, kwa hiyo 192 zinaingia kwenye fomu kumi na mbili kamili, na zile nne zingenilazimisha nilipie fomu nyingine. Nikakaa usiku mmoja nikakata mazungumzo ya harusi ambayo hata hivyo yalikuwa yananichosha. Mhariri na msanifu wa jalada walikula 550,000. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, nilipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Maboksi yakaja na basi, nikayapokea stendi ya Nanenane na bajaji mbili.

Sasa fanya hesabu nami, maana hii hakuna aliyewahi kunifanyia. Kuchapa 4,200. Uhariri na jalada, ukigawa kwa nakala 500, 1,100. Jumla 5,300 kabla ya nauli. Nikiuza dukani kwa 10,000, duka linakata 3,500 yao, mimi nabaki na 1,200. Mchapishaji anayelipa asilimia 10 ya bei ya jalada angenipa 1,000 bila mimi kutoa hata senti. Kwa hiyo kwa shilingi 200 nimebeba mzigo wote wa hasara. Ila nikimuuzia msomaji mkono kwa mkono, nabaki na 4,700.

Hesabu hiyo ndiyo ilinibadilisha. Swali la nani achape nimeliweka pembeni. Siku hizi najiuliza ni nani atakayetembea na kitabu. Mimi nilitembea. Nimeuza kwenye mahafali, kwenye semina za watumishi wakati wa chai, na hasa kipindi cha Bunge la Bajeti, Aprili mpaka Juni, mji unapojaa wageni wenye jioni ndefu na posho. Mwaka ule miezi hiyo mitatu iliuza kuliko iliyobaki yote. Lakini mimi naishi Makole, natoka kwa mguu. Anayeishi Kondoa na kazi ya kufundisha siku tano kwa wiki atauzia wapi nakala 500?

Nami sikuuza zote. Maboksi manne niliyaweka chumba cha nyuma, chini, juu ya sakafu. Anayeijua Dodoma ameshacheka. Msimu wa mvua ulipoisha nilinyanyua boksi la kwanza, juu likaja, chini likabaki. Mchwa walikuwa wameingia kwenye ufa wa sakafu, wakala kuanzia jalada la nyuma kwenda mbele, kwa utaratibu kabisa, wakaacha vijia vya udongo kati ya sura na sura. Nakala 83. Weka vitabu juu ya mbao, mbali na ukuta.

Na usitegemee wachapishaji wetu wakukimbilie riwaya. Wengi wao chungu chao kilikuwa vitabu vya shule, na tangu vitabu vya kiada virudi Taasisi ya Elimu Tanzania, chungu kimepoa. Riwaya ya watu wazima isiyo na matumaini ya kuingia darasani wanaiona mzigo. Taasisi hiyo hiyo inasimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na kama muswada wako haujachapwa popote, utume huko kwanza. Utakachohitaji zaidi ni subira.

Yule kijana nilimuuliza ana wasomaji wangapi. Akasema anaandika hadithi WhatsApp, kila sehemu shilingi 500, na watu sitini hivi hulipa kila Ijumaa. Sitini wanaolipa! Mimi nilipoanza sikuwa na sita. Nikamwambia asimpe mtu yeyote milioni mbili na nusu. Awaulize hao sitini wangapi watatanguliza elfu kumi, achape 100 kwa mashine ya kidijitali hata kama bei ya nakala itapanda, na mwisho wa hadithi asiuweke kwenye simu.

"Na mchapishaji je, mama?"

Huyo mwandikie pia, nikamwambia, muswada mwingine. Akanunua kitabu changu, nami nikampa kile chenye kona iliyoliwa kidogo, kwa 5,000.