Mwanangu anakwama akianza kusema, bibi yake anataka akatwe kimeo

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Yapata miezi minane sasa anakwama akisema: "ma-ma-ma-mama", au "nnnnataka". Siku nyingine mdomo unafunguka lakini sauti haitoki, anapiga mguu chini mpaka neno litoke. Baba yake humwambia "vuta pumzi, anza upya". Bibi yake anasema tumemchanganya kwa Kimakonde na Kiswahili, na anataka tumpeleke akakatwe kimeo. Mjomba wake ana kigugumizi hadi leo. Nifanye nini?
Mama mwenye wasiwasi, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na kimeo, maana hapo pana kisu: usikubali. Kimeo hakizuii maneno. Kukikata kienyeji kunaweza kumtoa mtoto damu nyingi na kumletea maambukizi, kisha arudi nyumbani na kigugumizi kilekile. Hata kukata uzi wa chini ya ulimi hakutibu kigugumizi. Bibi mweleze kwa adabu, na usimweke kando, kwa sababu nina kazi yake.

Lugha mbili hazina kosa. Watoto wengi wa Kusini hukua na Kimakonde, Kimwera au Kiyao nyumbani na Kiswahili nje, na wanasema vizuri tu. Ukimnyima lugha ya bibi yake utakuwa umempunguzia mtu wa kuzungumza naye, basi.

Kigugumizi huanza zaidi kati ya miaka 2 na 5, wakati sentensi za mtoto zinarefuka kwa kasi. Kinatokana na jinsi ubongo unavyopanga na kuendesha usemi, na mara nyingi kipo kwenye ukoo. Hakuna aliyemtisha, wala hamwigi mjomba wake. Wengi, kama watatu kati ya wanne, huacha wenyewe, ndiyo maana majirani watakwambia "kitaisha tu". Wa kwako mimi nisingemsubirisha: ni wa kiume, ana ndugu wa damu ambaye hakuacha, miezi minane imepita, na tayari anajikaza. Kurudia neno zima, "mimi mimi nataka", ni kawaida ya umri huo. Kuvuta sauti, kukwama kimya na kupiga mguu ni jambo jingine.

Sasa baba. "Vuta pumzi" anaisema kwa upendo, lakini mtoto anasikia kwamba usemi wake una kasoro, na neno analoliogopa ndilo linalozidi kukwama. Wa kubadili mwendo ni ninyi wakubwa. Akisema, mtazame usoni mpaka amalize, usimmalizie neno hata kama unalijua. Hesabu moja, mbili kimoyomoyo, ndipo ujibu kwa sentensi fupi na kwa utulivu. Yeye: "Ku-ku-kuku amekimbia." Wewe: "Eh, kuku amekimbia. Kaingia kwa jirani." Msiburute maneno kama mnamwigiza, pumzikeni tu kati ya sentensi. Punguzeni maswali ya mfululizo: "Umekula nini? Na nani? Mbona hukumaliza?" ni mzigo. Na mezani aseme mmoja mmoja, kaka zake wasimkatize wala kumcheka.

Kila siku apate dakika tano za peke yake na mtu mzima mmoja, redio na simu zimezimwa, yeye akiongoza mchezo au mazungumzo. Hapo ndipo bibi anapoingia: akichambua mboga na mjukuu pembeni, bila haraka, kwa Kimakonde chao.

Usimlazimishe kujitambulisha kwa wageni. Shikamoo itoeni pamoja, wewe na yeye kwa sauti moja. Anayegugumia hukwama kidogo sana akisema pamoja na mwenzake, na akiimba pia. Akikwama vibaya na kuumia moyo, mwambie, "Neno hilo lilikuwa gumu, lakini nimekusikia." Kulinyamazia kabisa kunamfundisha kuona aibu. Tarajia wiki njema na wiki mbaya. Uchovu na msisimko humzidishia.

Hospitali: anzia ya wilaya, uombe rufaa kwenda Ligula, Mtwara mjini. Wataalamu wa tiba ya kuzungumza ni wachache nchini, hivyo huenda ukaelekezwa Dar es Salaam, Muhimbili. Kabla ya kusafiri mrekodi kwa simu siku tatu tofauti, dakika chache kila mara, akiwa anacheza, kwa sababu mbele ya daktari anaweza kusema bila kukwama hata mara moja. Andika kilianza lini, na mtaje mjomba. Waombe wapime masikio pia. Uliza kuhusu mpango wa Lidcombe, tiba ya kigugumizi iliyoanzia Australia kwa watoto wa chini ya miaka 6: mzazi ndiye anayeitoa nyumbani kila siku, kwa kumsifia na kumsahihisha mtoto kwa utaratibu, akiongozwa na mtaalamu. Usiijaribu kwa kusikia tu. Ukisifia na kusahihisha bila mpangilio unaweza kumfanya aogope zaidi kusema.

Mwakani akianza darasa la awali, mwone mwalimu kabla ya siku ya kwanza, umwambie asimruke zamu yake na asimharakishe.