Kabla Hujaokota Kigae: Kwa Wanaoanza Kazi ya Uchimbaji

Karibu kila mwanafunzi anayekuja kuchimba nasi huku pwani hukimbilia kigae kimoja: cha kauri ya Kichina, cha kijani, kinachong'aa hata kikiwa kimejaa udongo. Vipande vya vyungu vya kahawia, vyenye masizi mgongoni, huviruka. Wewe unayejiandaa kwenda uwandani, ushauri wangu wa kwanza ni huu: anza na hivyo vya kahawia.

Nina sababu. Wachimbaji wa katikati ya karne ya 20 waliitazama sana kauri iliyotoka ng'ambo, wakasoma na mapokeo ya Kilwa kuhusu masultani waliotoka Shirazi, huko Uajemi, wakaona miji yetu ni kazi ya wageni. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton akachimba Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, Kenya. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe akakuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwenzake, ile ya chini kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Na katika matabaka hayo ya mwanzo, vyungu vilivyojaa ni vya wenyeji, vyenye nakshi za aina inayopatikana pia bara. Mji ulikulia pale pale. Vigae hivyo visivyo na mvuto ndivyo vilivyotoa ushahidi huo, na vilikuwepo siku zote.

Lakini kigae peke yake hakitoshi. Unachotafuta ni mahali kilipolala na vitu vilivyolala pamoja nacho. Kigae kilichookotwa na kutiwa mfukoni kimebaki pambo, hata kiwe kizuri namna gani. Ndiyo maana mwiko wa mwashi hauachi mkono wetu: tunakwangua kidogo kidogo, tunachekecha udongo wote, na kila mfuko unaandikwa shimo, tabaka na tarehe kabla haujafungwa. Andika papo hapo. Usijiambie utaandika jioni.

Jifunze kuusoma ukuta wa shimo. Upige maji kidogo uone rangi. Utaona mstari mweupe, mwembamba: sakafu ya chokaa. Chini yake udongo mweusi wenye mifupa ya samaki, makombe na majivu: hapo palikuwa jaani. Tazama tena, huenda ukaona utepe wa udongo laini umeshuka wima ukikata vyote viwili. Hilo ni shimo la choo, au la nguzo, lililochimbwa baadaye kutoka juu. Cha chini ni cha zamani kuliko cha juu, kweli, ila pale tu ambapo hapajavurugwa. Ukichanganya udongo wa shimo lile na wa jaa, umechanganya vizazi vya watu.

Kuna kanuni nyingine ninayoipenda sana: tabaka haliwezi kuwa la zamani kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake. Ukipata sarafu ya karne ya 11 na kauri ya karne ya 15 pamoja, tabaka ni la karne ya 15 au baada yake. Sarafu hukaa mikononi mwa watu muda mrefu. Bakuli zuri hurithiwa na wajukuu, au hutiwa kwenye nguzo ya kaburi, kama yalivyofanyika mengi pwani hii.

Kuhusu umri kwa maabara, usidhani mkaa wowote utakupa jibu. Kinachopimwa ni kaboni 14, iliyomo ndani ya kila kilichowahi kuwa hai; kikishakufa, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, kwa hiyo baada ya miaka kama 50,000 hakuna cha maana kilichobaki cha kupima. Ndiyo maana nyayo za Laetoli, za mababu wa binadamu kaskazini mwa Tanzania, zenye zaidi ya miaka milioni 3.6, zilipewa umri kwa majivu ya volkano. Hata kwa mambo ya juzi, kipimo kinakuambia mti ulikua lini, hakikuambii nyumba ilichomwa lini. Boriti ya mkoko hutolewa nyumba ya zamani ikajengewa mpya. Mimi nikipata punje ya mtama iliyoungua, naichagua hiyo mbele ya kipande kikubwa cha mkaa, maana punje ni ya msimu mmoja.

Sasa watu. Wapo wanaoiona anthropolojia, elimu ya watu na maisha yao, kama somo la jirani, la wanaopenda mazungumzo. Mimi naona huwezi kuchimba vizuri bila hiyo. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, alipofanya kazi Buhaya, nchi ya Wahaya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, alianza kwa kuwasikiliza wazee, nao wakamwonyesha Katuruka, mahali panapohusishwa na Mfalme Rugomora Mahe na ufuaji wa chuma. Akachimba, akakuta mabaki ya kuyeyushia chuma yenye umri wa miaka elfu mbili na zaidi. Mfalme mwenyewe ni wa karne za karibuni tu. Simulizi lilikuwa limeibeba kumbukumbu ya pale mahali, likaiambatisha na jina kubwa. Anayetaka simulizi liwe kweli yote au uongo wote angepitwa na jambo lenyewe.

Kwa hiyo kaa na mfinyanzi kabla hujaandika lolote kuhusu vyungu. Msaidie kukanda udongo, muulize kwa nini chungu cha wali kina mdomo ule, ngoja akichome. Mwulize na kinachovunjika kinakwenda wapi. Bibi mmoja alinionyesha magae anayokingia moto na mengine anayonyweshea kuku, na tangu hapo kigae chenye masizi kwenye ukingo uliovunjika nakiangalia kwa makini zaidi. Ila usimbebeshe mtu wa leo maisha ya karne ya 10. Anakupa maswali mazuri ya kupeleka shimoni, majibu ni lazima yatoke huko.

Usitie jembe mahali bila kibali. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na mwenyekiti wa kijiji naye ana haki ya kukuona kabla ya kazi. Magofu mengi bado yana watu wanaoyazuru na kuchoma ubani. Waulize wapi pasiguswe, na paache. Ukimaliza, fukia shimo, kisha itisha mkutano uwaeleze wenyeji ulichopata, kwa lugha yao, ukiwa na vigae vyenyewe mkononi. Wengi wetu huondoka na mifuko na kurudi na ripoti ya Kiingereza, na wenye mji hawajui hadi leo tuliona nini.